Injini Isiyoshika Sailensa

Wiki nzima sikulala vizuri kwa swali ambalo kaka yangu aliliona dogo: injini ya pikapu aliyotuachia baba tuijenge ya barabara au ya mashindano? Kaka alitaka mbio. Mimi, niliyemaliza chuo juzijuzi, niliwaza faida na hasara za kila upande mpaka kichwa kikaniuma. Lakini kila nilipofumba macho, nilisikia harufu ya petroli.

Nikiwa mdogo kule Kansay, jirani yetu ndiye pekee aliyekuwa na pikapu. Asubuhi tuliisikia ikinguruma taratibu uani kwake, kama ng'ombe anayecheua, huku bibi akikoroga uji. Mama akipakia mahindi na maharage, ilipanda vilima mpaka Karatu polepole, bila kulalamika.

Kisha jirani akashusha injini. Fundi wa mjini akachonga silinda hedi, akaweka kemshafti ya mbio, akakata eksosi. Iliporudi haikushika sailensa, ule mngurumo wa taratibu wa gari lililosimama. Usipokanyaga mafuta, inazima. Nguvu yote ilikuwa kwenye mwendo mkubwa, ambao barabara zetu hazikuuruhusu. Ilitema moshi na petroli mbichi. Unga uliopakiwa humo ulinuka, ugali ukanuka, hata mikono yetu ikanuka. Mpaka leo nikikumbuka natema mate.

Bibi alipovimba mguu, tukampakia kwenda hospitali ya Endulen. Kwenye mpando wa Ngorongoro tukakuta kundi la ng'ombe. Hapo gari hutambaa tu nyuma yao, lakini hili halikuweza kutambaa. Jirani akakanyaga lisizime, ng'ombe wakatawanyika kuelekea korongoni, na mchungaji akaja dirishani.

"Mzee, zima hilo lidude."

"Nikizima haliwaki tena hapa mlimani."

"Basi ulisukume. Ng'ombe wangu hawajui mashindano."

Bibi alishushwa akatapika kando ya njia, kisha akamuuliza jirani, "Mwanangu, gari lile zuri ulimpa nani?"

Tulifika jioni, tukilisukuma kila lilipozima. Mguu ulipona, ila pikapu ile hakuipanda tena. Sasa bibi hayupo, jirani hayupo, na mngurumo ule wa asubuhi siusikii popote.

Jana kaka alinikuta gereji, Karatu.

"Msomi, bado unawaza?"

Nikamgeukia fundi. "Weka kemshafti ya barabara. Hedi usiiguse."

"Unazeeka kabla hujaoa," kaka alisema.

Nilimshikia fundi taa, naye akaanza kukaza nati.