Kengele Iliyomngoja Mwalimu wa Hesabu

Shule ile ilikuwa na kengele ya umeme, na kengele ilikuwa na mwenyewe. Watu walimwita Mzee Kengele, hata mkewe, na ukimwita kwa jina la kuzaliwa angegeuka kutazama nani anaitwa. Kazi yake ilikuwa swichi moja nyeusi ukutani, katika chumba kidogo kando ya lango, chenye dirisha, kiti na birika. Miaka ishirini na miwili aliibonyeza swichi ile, mpaka kidole chake kikapinda kidogo kuielekea.

Ndipo mwalimu mkuu akamwita ofisini na kumweleza kwa upole kwamba shule imepata kompyuta, na muhula ujao kompyuta ndiyo itakayopiga kengele. Yeye Mzee angehamia stoo, kutunza viti vibovu. Mzee hakubisha. Aliuliza tu kompyuta itajuaje wakati wa kupiga. Akaambiwa lazima mtu aiandikie maagizo, ndiyo hiyo inaitwa programu. Na huyo mtu ni nani? Mwalimu mkuu akasema bado hajapatikana.

“Basi mngojeni,” akasema Mzee. “Ndiyo kwanza anakwenda kujifunza.”

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akampa kompyuta ya kupakata na mwezi mmoja. Siku mkaguzi atakapokuja, programu ifanye kazi mbele ya macho yake. Isipofanya, ni stoo.

Bahati nzuri, mke wa mwanawe alikuwa akiandika programu katika ofisi moja. Bahati mbaya, alikuwa mkamwana mwenye adabu zake. Tangu aolewe hajawahi kumwambia baba mkwe kwamba amekosea, hata siku ile Mzee alipokwenda harusini na shati alilovaa ndani nje. Kwa hiyo alifundisha kwa kuzunguka. Mzee akisahau kufunga mabano, yeye husema, “Baba, mashine haijaelewa. Ni nzito kidogo.” Akiandika herufi kubwa pasipotakiwa, huambiwa leo mashine imeamka vibaya. Mzee akaishia kuionea huruma. Alimwambia mkewe kwamba chombo ni kizuri lakini akili hakina, na yule binti ana moyo wa kukivumilia.

Somo la kwanza lilikuwa kuifanya kompyuta itoe salamu. Mzee akafikiri. Kati yake na mashine, mkubwa ni nani? Mashine ilinunuliwa mwaka jana. Akaandika taratibu, kwa kidole kile kile kilichopinda, na kwenye kioo yakatokea maneno: Shikamoo baba.

“Marahaba,” akajibu Mzee, akainuka akaizunguka meza mara mbili kwa furaha. Akaiendesha tena. Shikamoo baba. Marahaba. Asubuhi nzima ikaishia hapo.

Somo la pili lilikuwa kurudia: agizo unaliandika mara moja, kompyuta inalitimiza mara mia bila kuchoka. Ikamwamkia mara mia. Na mtu mzima akiamkiwa hawezi kunyamaza, si heshima. Alizijibu zote, moja moja, mpaka mkewe akatoka jikoni na sinia la vikombe, akidhani wamefikiwa na wageni.

Wiki ya tatu akaanza programu yenyewe. Mambo ya saa yalikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kengele ya asubuhi: ilie kwa muda gani? Hapa palikuwa na jambo ambalo Mzee hakuwahi kumwambia mtu. Kwa sheria ya shule, anayeingia langoni kengele ikiwa inalia hahesabiwi kwamba amechelewa. Na mwalimu wa hesabu, mama mnene mwenye mkoba wa madaftari, alichelewa kila siku dakika moja na nusu, si zaidi si pungufu, kama mtu aliyepiga hesabu zake. Mzee alikuwa akimwona anakata kona, basi kidole hakibanduki kwenye swichi. Akishaingia, kengele inanyamaza, mama anainua kidevu kidogo kuelekea dirishani, siku inaanza. Hawakuwahi kulizungumza.

Mzee akaandika vile vile alivyozoea kufanya: piga, rudia kupiga, mpaka mwalimu wa hesabu aingie. Na kwa kuwa kompyuta haina macho, yeye angekaa dirishani na kubonyeza kitufe cha herufi M akimwona.

Mkamwana aliisoma programu ile kwa muda mrefu.

“Baba, na kama siku hiyo hakuingia?”

“Lazima aingie. Hajakosa hata siku moja.”

Mkamwana akasema anakwenda kutazama jiko. Mzee naye, kwa kujiamini, kesho yake shuleni, fundi alipokwisha kuiunganisha kengele na kompyuta, akachukua bisibisi akaing'oa ile swichi nyeusi ukutani, akaifunga kwenye leso na kuipeleka nyumbani ikawe kumbukumbu.

Siku ikafika. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisimama na mwalimu mkuu ndani ya chumba kile kidogo, mkamwana akasimama mlangoni, Mzee akaketi dirishani na kompyuta mapajani. Saa ilipotimia, kengele ikalia yenyewe. Mwalimu mkuu akatabasamu. Mzee akaweka kidole juu ya M, macho kwenye kona.

Dakika moja. Moja na nusu. Kona tupu. Dakika mbili.

Asichokijua ni kwamba mwalimu wa hesabu, kwa kumwogopa mkaguzi, siku hiyo alikuwa ameingia kabla hata Mzee hajafika kazini. Sasa alikuwa katika ofisi ya walimu, ameketi wima, viatu vinang'aa, akishangaa pamoja na wenzake kengele imepatwa na nini. Wanafunzi nao, waliofundishwa kwamba kengele ikizidi urefu wa kila siku ni moto, wakatoka madarasani kwa mistari na kujaa uwanjani, wote mia sita, na mkaguzi akatoka kwenda kuwatazama.

Mwalimu mkuu akamwinamia Mzee sikioni, akamwambia azime. Mzee akamweleza swichi iko nyumbani kwenye leso.

“Bonyeza hicho kitufe basi.”

“Nikibonyeza nitakuwa nimesema ameingia. Na hajaingia.”

“Nani?”

Ikabidi aseme. Miaka ishirini na miwili ya siri ikatoka kwa sauti ya kushindana na kengele. Mkamwana alijua njia kumi za kuinyamazisha programu ile, lakini zote zilipitia mapajani kwa baba mkwe, na huko mkono wake usingeweza kwenda. Akageuka akatimua mbio hadi ofisi ya walimu.

Mwalimu wa hesabu alimsikiliza, akaelewa kabla hajaelezwa nusu. Akachukua mkoba wake, akakatiza uwanja mbele ya wanafunzi mia sita, akatoka langoni, akaenda mpaka kwenye kona, akageuka. Akarudi kwa mwendo wake wa siku zote, wala hakuharakisha. Alipovuka lango Mzee akabonyeza M. Kimya kikaanguka. Mama akainua kidevu.

Mkaguzi, aliyekuwa uwanjani akitazama saa yake muda wote, akarudi chumbani akaandika kwamba hajaona shule iliyojiandaa kwa moto namna hii. Akauliza wanafanya mazoezi mara ngapi. Mara kwa mara, akasema mwalimu mkuu, akitazama dari.

Mkaguzi alipoondoka, mwalimu mkuu alimgeukia Mzee, lakini mkamwana akawahi.

“Baba, umekosea.”

Mzee akavua kofia.

“Sema tena.”

“Umekosea, baba. Ulitakiwa kuweka njia ya pili ya kutokea. Mwalimu aingie, au dakika mbili zipite.”

“Kwa hiyo mashine si mjinga?”

“Hapana, baba. Haijawahi kuwa.”

Mzee akacheka mpaka birika likatikisika. Mwezi mzima alikuwa akiisengenya. Akakifuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya shati, polepole, kama anayeomba radhi, kisha akamsogezea mkamwana kiti ili aketi karibu na kusema makosa yote mengine aliyoyaficha. Yakawa kumi na moja. Mwalimu mkuu alisubiri mpaka la sita, akaondoka akisema viti vibovu atavitafutia mtu mwingine.

Jumatatu, kengele ikilia, mwalimu wa hesabu alikata kona kwa wakati wake ule ule. Wanafunzi mia sita, walioyaona yote siku ya mkaguzi, walikuwa wamejipanga uwanjani, wakimhesabia sekunde kwa sauti.