Bomba Jekundu

Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, mchoraji ramani alifuta kioo cha kompyuta yake kwa leso, polepole, kama anayemfuta mtoto makamasi. Ndipo koti lilipokwenda msumarini, naye akaanza kupaka rangi mabomba na nyaya kwenye michoro ya majengo: maji bluu, umeme njano, gesi nyekundu. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini mstari haukumpotoka hata unywele. Yordanka, wa meza ya pili katika ofisi yao ya mjini Plovdiv, alishamzoea. Majira yale ya baridi ikaja amri kwamba kampuni zote za ujenzi zipelekeane michoro kwa mfumo mmoja, na kila kitu kiandikwe jina lake kwenye kisanduku, maana rangi hazivuki kwenda kompyuta ya mwenzako.

“Andika ‘gesi’ hapo, mzee,” Yordanka alimwambia. “Mfumo huu hauoni rangi.”

“Basi uvae miwani.”

“Mzee, sitanii.”

“Nyekundu ni nyekundu, mama. Hata mbuzi anajua.” Akautuma mchoro, kisanduku kitupu.

Alhamisi simu ililia kutoka kwenye ujenzi, Yordanka akapokea. Kwenye kompyuta ya kule bomba lilionekana la kijivu, halina jina. Mitko, fundi wa kutoboa kuta, alidhani halitumiki tena, akatoboa, likalipuka. Amekufa. Mchoraji alisikia habari hiyo. Aliufungua mchoro, akaandika kwa kidole kimoja: gesi. Akafuta kioo kwa leso, taratibu vilevile, akatoka kwenye theluji na shati tupu. Yordanka alingoja arudie koti. Hakurudi.