Nenita na Vitanda Hamsini na Viwili

Siku ya kwanza Ising alifukuzwa. Aliingia wodi ya wanaume na sinia la tambi za kukaanga, nesi akamkimbilia kama aliyeona moto.

"Mama, toa hizo! Tambi kazini? Unataka basi zima la majeruhi lituangukie hapa?"

Ising, muuza chakula tangu ujana wake, hakubishana. Manesi wa kisiwa chao cha Samar ndivyo wanavyoamini: ukila tambi ukiwa zamu, wagonjwa watamiminika. "Basi kesho nitaleta uji wa mchele na tangawizi. Ila niruhusu niuzie humu ndani, si getini."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako, sista. Taja bei."

Nesi huyo, Nenita Dumalagan, alitazama vitanda vyake. Pale kila mgonjwa huja na mlinzi wake, ndugu wa kumlisha, kumgeuza na kumkimbilia dawa dukani. Mzee Berong wa kitanda cha kumi na moja hakuwa na mtu. Binti yake alikuwa Manila, akiahidi kuja.

"Kila adhuhuri umkalie huyu saa moja. Ndiyo bei."

Ising aliona amepata bwerere. Wiki hazikupita nyingi akaelewa kwa nini bei ilikuwa hiyo. Nenita alihudumia wagonjwa hamsini na wawili peke yake. Wenzake walikwenda Riyadh na Dublin, mmoja mmoja, na vikombe vyao vinne vya chai vilibaki juu ya kabati. Alivifuta vumbi, akanywea chake, kasimama. Kutwa aliitwa sista, sista. Hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Naye alikuwa na njia yake ya kuondoka: usaili wa simu na hospitali ya Dublin, Jumanne saa nane mchana, zamu ikiisha. Jumanne hiyo nesi wa kumpokea zamu hakutokea. Saa saba na nusu Mzee Berong akashindwa kupumua. Daktari alimpitishia bomba kooni, akarudi mbio chumba cha upasuaji. Mashine ya kupumulia ilikuwa moja, na ilikuwa na mtu. Ukabaki mpira wa hewa, wa kubana kwa mkono.

"Lete hapa," Ising akasema. "Nimekanda unga miaka arobaini. Nenda kwenye simu yako."

Nenita akajifungia stoo ya mashuka. Mwanamke wa Dublin akamuuliza: kwa zamu moja unahudumia wagonjwa wangapi?

"Hamsini na wawili."

"Samahani, nauliza zamu moja."

"Ndiyo hiyo moja."

"Sista!" Ising alipiga kelele wodini. "Mkono umekufa ganzi! Midomo yake inakuwa ya bluu!"

Nenita akakata simu. Aliubana mpira ule mpaka jua likazama.

"Ungeziba masikio tu, ungekuwa umeshaondoka," Ising alimwambia kesho yake.

"Na yeye?"

"Yeye ni mzee, mwanangu."

"Mama, kauze uji."

Dublin waliandika kwamba nafasi imejazwa. Mzee Berong alipona. Binti yake akaja, akamshukuru daktari, akamwashia mtakatifu wake mshumaa, akaondoka na baba. Ising alipata wodi mbili zaidi za kuuzia, kwa bei ileile: saa moja kwa kila asiye na mtu. Nenita alipata kitanda kimoja kitupu, kwa dakika kama arobaini hivi.