Programu Zangu Zilizokubaliana

Mimi njo nilitengenezea Mama Kavira, muuza jibini, programu za kumwambia kama barabara inapitika, maana vita na mvua vinaifunga kila mara. Niliziweka kwenye simu za maduka yake ya Kirolirwe, Kitchanga na Burungu, na kuzifundisha desturi yetu: uliza mwenzako habari za njia.

Jana zote zilikubaliana kwamba barabara inapitika. Nikajigamba, gari lililobeba jibini la harusi likaondoka.

Mchana dereva akarudi kwa miguu, matope hadi kiunoni, jibini kichwani.

"Kaka, nani alipita kule akakuambia?" akaniuliza.

Hakuna aliyepita. Programu zilikuwa zinaulizana zenyewe tu.

Mama Kavira alikuwa ameanza kucheka wakati simu yake ilipolia, programu zikisema: "Sisi wote tumehakikisha. Barabara iko muzuri."