Upinde Uliompita Utosi

Nilikuwa mtani wa Dakura kwa miaka arobaini, kwa hiyo nina haki ya kusema kwamba alikuwa mbishi, mchoyo wa maneno, na sura yake haikuwa ya kumfurahisha mtu asubuhi. Ukoo wangu na wake hutaniana tangu enzi za mababu. Nilipoolewa hapa kijijini na kuanza kupika pombe ya mtama, yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza kuniambia pombe yangu ina ladha ya maji ya kuoshea miguu. Nikamjibu kwamba siku akifa nitakuja kucheka mpaka ng'ombe wa matanga waishe. Tukaendelea hivyo kila siku ya soko, na hakuna aliyekasirika.

Kazi yake ilikuwa kuchonga pinde. Aliketi ukutani kwake upande wa kivuli, hatua chache kutoka kwenye vyungu vyangu, tezo mkononi na vumbi la mti magotini. Pinde za Dakura zilijulikana hadi ng'ambo ya mto. Zilikuwa nyembamba, za mviringo, zinapinda zote toka ncha hadi ncha, hata pale katikati unaposhika. Hapo kwenye mshiko alizungushia ngozi ya mbuzi, basi. Mtu akimwomba amchongee mshiko mnene, kama wanavyochonga watu wa upande wa pili, alimwambia aende akanunue jembe.

Mwanawe wa pekee aliyebaki, Bayuo, alikuwa amekwenda kusini kwenye mashimo ya dhahabu. Shimo likaporomoka. Rafiki yake akabaki chini, yeye akatolewa, na mkono wake wa kushoto ukabaki na kidole gumba na cha shahada tu. Alirudi akiwa na miaka ishirini na saba, akawa anakula peke yake, ameelekea ukutani. Mwezi wa kwanza tulimtoa mtoni. Akasema aliteleza. Mwezi wa pili tulimtoa tena, na safari hiyo hakusingizia kuteleza. Mama yake alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wa Dakura.

Sababu yake niliisikia kwa masikio yangu, maana ukuta wao na wangu ni mmoja. Baba alimsihi aseme kinachomla. Bayuo akasema, "Baba, hata kukuzika siwezi."

Alikuwa na maana yake. Kwetu mwanamume akifa huketishwa juu ya jukwaa mbele ya nyumba yake, amevishwa vizuri, marimba yakilia. Huchongwa upinde mrefu siku hiyo hiyo, na mwanawe huushika na kuuvuta mtupu mara tatu mbele ya watu wote, kisha huusimamisha nyuma ya marehemu ili wanaokuja kutoka mbali wauone. Nyumba isiyo na mwana wa kuuvuta huhesabiwa imefungwa. Bayuo alikuwa ameshajihesabu kuwa mlango uliofungwa, na mtu akishajihesabu hivyo haoni ubaya wa kwenda mtoni.

Basi Dakura akaamua kumchongea upinde atakaoweza kuushika. Hakutangaza, lakini sote tuliona.

Wa kwanza aliuchonga kwa mtindo wake ule ule, akaongeza ngozi kwenye mshiko. Haukufaa. Vidole viwili havina nguvu ya kukizuia kijiti cha mviringo. Bayuo alipouvuta ukageuka mkononi, ukamponyoka, ukampiga kidevuni. Aliuokota, akaulaza chini polepole, akaingia ndani. Afadhali angeutupa. Ule upole wake ulinitia baridi mwilini.

Siku mbili baadaye Dakura alikuja kwangu, akachota bila kuomba bonge la udongo niliokuwa nimeukanda wa kuzibia jiko la pombe. Akaenda nao kwa mwanawe akamwambia, "Minya." Bayuo akaminya kwa mkono ule mbovu, bila hamu, kama anayemridhisha mtoto. Udongo ukabaki na umbo: tumbo nene la kujaza kiganja, na juu yake ukingo wa kukaa kati ya gumba na cha shahada. Mzee akauanika juani, kisha akaanza kuchonga akiutazama. Ulikuwa mshiko mnene, mgumu, usiopinda hata kidogo. Yaani yeye, aliyewatukana watu kwa hilo maisha yake yote.

"Naona umeanza kuuza majembe," nikamwambia.

Akaendelea kuchonga. Miaka arobaini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliacha utani wangu ulale chini. Nilirudi kwenye vyungu vyangu nikiwa nimejichukia.

Upinde ule ulikaa mkononi mwa Bayuo vizuri kabisa. Aliuvuta mara mbili, na nilimwona ameinua kichwa. Mara ya tatu ukavunjika, juu kidogo ya mshiko. Dakura akachonga mwingine, akaipunguza unene mikono yake miwili, ule wa juu ya mshiko na ule wa chini. Nao ukavunjika pale pale. Bayuo akacheka kicheko kifupi, akasema hata mti umemkataa.

Niliuliza, kwa kuwa mimi huuliza. Mshiko usiopinda si unaipa kazi yote ile mikono miwili ya upinde? Na mikono yenyewe ni mifupi. Kwa nini asiurefushe?

Dakura alinitazama hivi kwamba nikatamani ningenyamaza. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha. Upinde wa mtu aliye hai humfika kidevuni. Unaompita utosi ni ule wa msiba, wala hauchongwi mpaka mwenyewe awe ameshakata roho. Kumchongea mtu aliye hai upinde mrefu kuliko yeye ni kumwita kaburini, na huyu wetu alikuwa anakwenda bila kuitwa.

"Unafikiri sijui kwamba ni urefu?" akasema. "Nilijua kabla ule wa kwanza haujavunjika. Nimemchongea mwanangu upinde niliojua utavunjika. Mara mbili."

Ziem, mkubwa wa ukoo wao, alisikia, akaja. Alikuwa mtu mwema kwa namna ya watu wasiosikiliza. Alisema mambo haya yana njia yake rahisi: siku ikifika, binamu wa Bayuo atauvuta upinde kwa niaba yake, na Bayuo mwenyewe achongewe kiupinde chepesi cha kuwindia ndege, kama cha watoto, aache kujisumbua. Aliyasema hayo uani, kwa sauti ya kawaida, Bayuo akiwa mlangoni.

Jioni ile Bayuo alianza kugawa vitu vyake. Redio alimpa jirani. Viatu alivyotoka navyo kusini alimpa mume wangu, akasema vinambana. Mume wangu aliingia navyo ndani akaviweka sakafuni, tukavitazama wote wawili, hakuna aliyevigusa. Nikaenda kumwambia Dakura. Nilimkuta anajua tayari, kwa kuwa yeye alikuwa amepewa blanketi.

Asubuhi yake alipanda juu ya paa akateremsha mti mmoja mrefu. Nilijua ni mti gani. Kila mchonga pinde huweka mmoja ukauke kwa ajili ya siku yake mwenyewe. Akauegemeza ukutani, akasimama mgongo kwenye ukuta, akaniita nimtie alama ya mkaa ukutani, usawa wa utosi wake. Nikaichora, na alama ikaenda upande.

"Hata mkaa unakushinda," akasema. "Ndiyo maana pombe yako iko vile."

Akaongeza shubiri moja juu ya alama, akaanza kuchonga hadharani, siku tatu mfululizo, akiwaambia wote waliopita kwamba anachonga wa kwake. Watu waliacha kupita. Ziem alirudi akiwa mkali, akamuuliza ni mtu gani hujichongea msiba akiwa bado anakula ugali. Kisha akaona ule mshiko mnene, na lile bonge la udongo kando yake, akauliza maiti ina haja gani ya mshiko. Dakura alisema mshiko ni wa mshikaji. Nilimwogopea sana siku zile. Nilidhani ataanguka na tezo mkononi, na sikuwa na utani hata mmoja.

Alipomaliza, alifunga kamba ya ngozi, akamwita Bayuo uani.

"Huu ni wangu," akamwambia. "Ni wa siku yangu. Sikukuchongea wewe, usije ukasema nimekuita. Lakini umeshachongwa, na mimi niko hai, na upinde wa namna hii haulazwi chini wala hauingizwi nyumba ya mtu anayepumua. Lazima awepo wa kuushika. Utanishikia."

Bayuo akautazama ukipita kichwa chake kwa kiasi kikubwa, maana alikuwa mfupi kuliko baba yake. "Mpaka lini?"

"Mpaka nife."

"Na unakufa lini?"

"Sina haraka," akasema Dakura.

Bayuo akaupokea. Gumba na cha shahada vikaingia mahali pake. Akauvuta mara moja, mara mbili, mara tatu, na mara ya nne, na upinde ukapinda mikono yake mirefu bila kulalamika. Kisha akainamisha uso kwenye ule mshiko akalia, na baba yake akajifanya anakusanya mabanzi.

Nisiseme kwamba alipona. Aliendelea kula peke yake. Lakini alitembea na upinde ule kila mahali, shambani, sokoni, kisimani, watu wakimpisha njia kwa hofu, na mtoni hakwenda tena, kwa sababu angeuweka wapi? Alilala nje ya mlango ameukumbatia. Viatu vyake tulimrudishia, akavivaa.

Ilikuwa hivyo kwa misimu miwili ya mvua. Halafu wakati wa upepo mkavu Dakura akashikwa na kifua. Nilimpelekea uji. Alikuwa amebaki mifupa, anavuta pumzi moja moja, na ilikuwa dhahiri kwamba mwili umechoka lakini mwenyewe hataki kuuacha. Nikamwambia kwa utani aondoke basi, ng'ombe wananisubiri. Akanishika kanga.

"Nikienda, atauweka chini," akasema. "Pogzie, sijui nifanyeje. Siwezi kukaa na siwezi kwenda."

Nilimlisha uji, nao ukarudi. Alijikaza siku tisa zaidi, na kuzitazama zile siku tisa ilikuwa mateso ambayo simwombei mtu.

Alipoketishwa jukwaani, marimba yalilia na watu walikuja hadi kutoka ng'ambo ya mto. Mimi nilitakiwa nicheke, ndiyo kazi ya mtani msibani. Nikajaribu. Bayuo akatoka akiwa na upinde, akasimama kando ya baba yake, akauvuta mara tatu, na umati wote ukamwona. Kisha akausimamisha nyuma ya mzee, akaachia mkono. Ule mkono mbovu ulibaki wazi hewani, hauna kitu. Nilikuwa nimekaza macho pale pale, na nilijua tumefika pale Dakura alipopaogopa.

Siku ya nne baada ya maziko alikuja kwangu. Upinde ulikuwa wake sasa kwa urithi, na Ziem alikuwa amemwambia aukate ulingane na kidevu chake, autundike. Ungekatwa ungevunjika, Bayuo alijua. Alikuwa miguu mitupu. Viatu nilivikuta baadaye mlangoni kwangu, vimepangwa. Alikaa, nikampa kata ya pombe, hakuinywa.

"Mama," akasema, "sasa namshikia nani?"

Wanawake kwetu hatusimamishiwi upinde. Tunazikwa na kata na chungu, na hakuna anayeuliza kama nyumba imefungwa. Lakini mimi ni mtani wa nyumba ile, na mtani huruhusiwa kufanya mambo ambayo mwingine angetozwa mbuzi. Nilinyanyuka, nikachukua mkaa jikoni, nikasimama mgongo kwenye ukuta wa Dakura, chini ya ile alama yake ya zamani iliyokwenda upande.

"Nitie alama," nikamwambia. "Upinde ule unanipita utosi mimi pia. Utanishikia."

Akanyanyuka, akaupokea mkaa. Kisha akaniwekea mkono ule wa vidole viwili juu ya kichwa ili anyooshe mstari, akachora.

Akaniuliza mpaka lini. Nikamwambia anywe pombe yake, mimi sina haraka.