Mkono wa Mzee Thouvenel

Solange Thouvenel alikuwa na hasira za karibu, na kila aliyefanya naye kazi pale Mirecourt ana kovu la kuonyesha. Langu liko kwenye nyusi. Alinirushia kopo la vanishi siku nilipomwambia kwamba fidla zote ni fidla tu.

Kazi yake ilikuwa kuunda upya vyombo vya orkestra za wafalme wa zamani. Orkestra hizo zilipigwa kwa sauti tano, na tatu kati ya hizo zilikuwa za fidla kubwa za katikati. Fidla hizo leo hazipo. Mafundi wa mji wetu walizikata kingo zitoshe mikono ya wapigaji wa kisasa, na bingwa wa kukata alikuwa baba yake mwenyewe, Mzee Anselme. Baba na binti wakiigusia habari hiyo mezani, sahani zilikuwa zinaruka, kwa hiyo waliiacha.

Mwaka ule parokia moja ya milimani ilituazima kinte, kubwa kuliko zote za katikati, nzima, haijaguswa na msumeno. Solange alitaka kuipima ili aunde ya kwake, maana orkestra moja ya Versailles ilikuwa ikimngoja. Asubuhi akaivua nyuzi, akailaza kwenye meza ya baba yake penye mwanga wa dirisha, akaenda Épinal kuchukua mbao.

Kwenye karakana ile, chombo kikilazwa pale bila nyuzi maana yake kikatwe. Ilikuwa hivyo miaka sitini. Mimi nilikuwa uani nachemsha vanishi, sikuona kitu.

Aliporudi, Mzee alikuwa ameshaibandua kinte na kuikata kingo zote. Vipande vilikuwa vinawaka jikoni. Solange alichukua nyundo ya mbao, akaukandamiza mkono wa kulia wa baba yake juu ya meza, akapiga. Nilisikia mfupa. Mpaka namkamata kiuno alikuwa amepiga mara tatu, na kiwiko chake kikaning'oa meno mawili. Nilimwangusha sakafuni nikamkalia. Nilimchukia siku ile, na bado namchukia kidogo.

Akaanza kulia. Mzee, uso umemkauka kwa maumivu, akamuuliza analilia nini.

"Umenimaliza, Baba. Ilikuwa moja tu iliyobaki. Hakuna tena anayejua umbo lake."

"Kichwa maji wewe. Nimekata zaidi ya mia. Kabla hujakata unachora kwanza lile umbo kubwa, ndipo uchore dogo ndani yake. Hata nikifumba macho naichora."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

Nikamwachia. Solange alitambaa hadi mezani, akamsogezea karatasi na penseli. Mzee akainua mkono wa kulia, vidole vikaning'inia. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, ukatoka mstari uliopinda ovyo, akaufuta, akachora mwingine mbaya zaidi.

"Huu haujui," akasema. "Uliokuwa unajua ni ule." Kisha akaomba apelekwe hospitali.