Mbeba pamba wa Zagayu aliyedhaniwa ana dharau jioni

Saa moja asubuhi, jua likiwa limeshatoka vizuri, Mayunga Limbu anafunga maksai wake nira. Wabebaji wenzake wa Zagayu, wilayani Itilima, waliondoka gizani. Yeye anasubiri mwanga. Anaweka kiganja kwenye ubao wa mkokoteni, anahisi magurudumu yanavyotetema, na safari ya magunia ya pamba inaanza.

Mayunga, 41, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anazungumza kwa mikono, na mkalimani wake ni mkewe, Benedikta. Mkokoteni huu ndio uliowalea watoto wao wanne.

"Andika kwamba anawapenda maksai kuliko mimi," anasema Benedikta. Mayunga anataka kujua kimesemwa nini. Akielezwa, anamrushia mkewe ganda la karanga.

Msimu uliopita nusura aipoteze kazi hii. Jioni moja, akiwa na pamba ya jirani yake, Bujiku Masele, aliuingiza mkokoteni mtaroni. Pamba ikalowa. Bujiku akasema amelewa. Mayunga hanywi pombe.

Kulikuwa na kosa jingine, kubwa zaidi. Huku, kumpita mtu bila kuitika salamu ni tusi. Asubuhi Mayunga humwona anayemsalimu, naye hupiga makofi na kuinama. Jioni watu walimpungia mkono wakisema "mwadila", naye akapita tu.

Bujiku alipeleka shauri kwenye kikao cha chama cha msingi cha wakulima.

"Mayu, mama yangu, mumeo asubuhi ananichekea, jioni ananipita kama kisiki," alimwambia Benedikta. "Huyo ana watu wake wa usiku."

"Mchawi gani anajikwaa kwenye mbuzi wake mwenyewe?" Benedikta akamjibu.

Kikao kilimsimamisha Mayunga. Kikataka maelezo kabla ya msimu mpya, la sivyo asibebe pamba tena.

Benedikta hakwenda kwa mganga. Alimpeleka mumewe kwa daktari wa macho mjini Bariadi. Dk. Mektilda Ndaki alimpima, akakuta uwezo wa kuona umepungua pembeni na kwenye giza. Kisha akauliza habari za masikio. Sampuli ya damu ikapelekwa maabara.

Majibu yalionyesha hitilafu moja, ya kurithi. Ndani ya chembe hai kuna protini zinazofanya kazi ya uchukuzi. Mojawapo hushikilia vinywele vidogo vya sikio vinavyopokea sauti. Hiyohiyo, ndani ya jicho, husaidia kusafirisha vitu vinavyohitajika kuona mwanga. Ya Mayunga haifanyi kazi.

"Nilimwambia barabara ipo na mzigo upo, ila maksai hawavuti," anasema Dk. Mektilda. "Alinielewa kabla sijamaliza."

Benedikta alirudi kikaoni na kuyasema hayohayo kwa Kisukuma. Bujiku akasimama.

"Basi pamba yangu abebe yeye," alisema. "Ila jua liwepo."

Siku hizi, jioni, anayetaka kumsalimu Mayunga humshika mkono na kumgonga kiganjani mara mbili. Bujiku ndiye aliyeanza.

"Anagonga kama anavunja mlango," anasema Benedikta. "Lakini nashukuru. Mume wangu anaitika."

Tatizo hili halina dawa, na daktari hakumficha. Macho yataendelea kufifia. Kwa hiyo Mayunga ameanza kazi ya pili: kufundisha mafahali wachanga wa majirani kuvuta jembe na mkokoteni. Wafugaji watatu wameshamletea.

"Wabeja, asanteni," anasema kwa mikono, Benedikta akitafsiri. "Mungu hajanichukulia macho yote kwa siku moja. Amenipa muda wa kujifunza."

Anaingia zizini, anasimama kando ya fahali mwekundu na kufumba macho kusudi. Kiganja chake kiko shingoni mwa mnyama. Fahali anataka kurusha pembe. Mayunga, macho bado yamefumbwa, ameshasogea.